Kuhamia nyumba ndogo: Pima hewa kwanza, kisha sufuria

Kila ifikapo tarehe tano ya mwezi, wazazi wengi vijana katika mitaa ya Eastlands huketi jioni na kupiga hesabu ile ile. Kodi ya nyumba imelipwa, nauli ya matatu imetengwa, karo ya chekechea inadaiwa, na kilichobaki hakiwezi kufika tarehe ishirini. Ndipo mmoja wao husema: tuhame. Tutoke katika nyumba hii ya vyumba viwili vya kulala hapa Umoja au Donholm, tuingie yenye chumba kimoja cha kulala, au hata bedisita kule Pipeline, hadi mambo yatengemae. Mwenzake humtazama mtoto aliyesinzia juu ya kochi na kukosa la kujibu.

Anayekosa la kujibu huwa anahofia afya ya mtoto. Tangu utotoni tumeambiwa kwamba msongamano huleta maradhi, na kwamba mzazi anayewapenda wanawe huwatafutia nafasi. Kwa hivyo anayehamia nyumba ndogo hujiona kama anayewashusha wanawe. (Sisemi hapa ile nyumba ndogo ya mafumbo ambayo waume wengine huwaficha wake zao. Hiyo ni shauri lingine.)

Maoni yangu ni kwamba nyumba ndogo yenyewe si ugonjwa. Kuna nyumba kubwa zinazodhoofisha watoto kwa sababu zinakula pesa za chakula, na kuna vyumba vidogo ambavyo mtoto anaweza kukua ndani yake bila kukohoa. Lakini pia kuna vyumba ambavyo mwenye mtoto mchanga hafai kuvihamia hata akipewa kwa nusu ya bei. Kazi ya mzazi ni kuvitambua kabla ya kulipa amana, na idadi ya vyumba haimwambii mengi.

Nianze na pesa, kwa kuwa ndizo zilizoanzisha mazungumzo. Huko Stockton-on-Tees, mji wa kaskazini mwa Uingereza, kulikuwa na daktari wa afya ya umma aliyeitwa M'Gonigle. Mnamo 1927 baraza la mji lilibomoa sehemu ya mtaa wa mabanda na kuwahamishia wakazi wake katika mtaa mpya ulioitwa Mount Pleasant. Nyumba zilikuwa mpya, safi na zenye nafasi. Kila mtu alitarajia afya yao ingeimarika. Katika miaka mitano iliyofuata, M'Gonigle alihesabu vifo na kukuta vimeongezeka miongoni mwa wale waliohamia nyumba nzuri. Wenzao waliobaki kwenye mtaa wa zamani hawakupatwa na ongezeko hilo. Alitafuta sababu katika hewa, maji na mifereji ya maji taka, asiione. Aliiona katika kodi. Nyumba mpya zilitoza takriban maradufu ya zile za zamani, na mishahara haikuwa imeongezeka. Familia zilipunguza nyama, maziwa na mayai ili kumlipa mwenye nyumba. Matokeo hayo aliyaandika pamoja na mwenzake, Kirby, katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1936, na hadi leo wataalamu wa lishe hukirejelea.

Sasa geuza hesabu hiyo uilete Eastlands. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mwajiriwa analeta nyumbani shilingi 45,000 baada ya makato, yakiwemo yale ya bima ya afya ya SHIF ya asilimia 2.75 na ya nyumba za bei nafuu ya asilimia 1.5. Akilipa kodi ya 18,000, kisha nauli za wawili, umeme, maji, karo na mshahara wa msichana wa kazi, familia ya wanne itakuwa ikila sukuma wiki na ugali siku tano kwa juma, na chai ya rangi asubuhi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hawezi kukua kwa chakula hicho. Tumbo lake ni dogo, na ugali hulijaza kabla hajapata protini wala madini ya kutosha. Anahitaji yai, maharagwe, omena, maziwa, ndizi, parachichi. Kama kushuka hadi kodi ya 11,000 kutarudisha vitu hivyo mezani, basi kuhama huko ni tiba, na wala asikuaibishe jirani.

Lakini hapo ndipo wengi hukosea. Ile 7,000 iliyookolewa haiendi sokoni. Huenda kwa deni la simu, kwa runinga kubwa ya kujaza ukuta wa nyumba ndogo, au kwa chama. Familia ikihama ili iokoe pesa na pesa hizo zisionekane katika sufuria, imepoteza nafasi na haikupata chochote. Ningekuomba, wewe mke na wewe mume, mwandike kwenye karatasi kabla ya kuhama ni kiasi gani cha akiba kitakwenda kwa mama mboga na kwa muuza maziwa kila juma. Kama hamwezi kukubaliana juu ya karatasi hiyo, kaeni mlipo.

Tuje kwa nyumba yenyewe. Vyumba vya Eastlands vina historia, na historia hiyo bado iko katika kuta. Mitaa mingi ya zamani upande huu wa mji, tangu Pumwani ya miaka ya 1920, ilijengwa na serikali ya kikoloni iliyomhesabu Mwafrika kuwa mfanyakazi mpita njia, mwanamume pekee ambaye mke na watoto wake walibaki mashambani. Chumba kilikuwa mahali pa kuweka kitanda tu. Mishahara nayo ilipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja. Ni mwaka wa 1954 ambapo kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ilipendekeza mshahara wa kutosha mtu na familia yake. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya familia, ilikuwa mtaa wa namna tofauti. Baadaye, kuanzia 1975, ukaja mradi wa Dandora uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambapo watu walipewa ploti zipatazo 6,000 zenye choo na bafu, kila mmoja akajijengea vyumba. Wengi walijenga vya kupangisha, chumba kimoja familia moja. Kutoka hapo hadi maghorofa ya Huruma, Kayole na Pipeline haikuwa safari ndefu.

Nasema haya kwa sababu moja. Nyumba ndogo ya Maringo, Jericho au Kaloleni ni ndogo ndani, lakini ina nje. Mtoto akitoka mlangoni anakanyaga ardhi, anapata jua, na mama anamwona akiwa anafua. Chumba cha ukubwa huo huo katika ghorofa ya sita hakina nje. Nje yake ni ujia wenye giza na ngazi. Watangazaji wa nyumba huviita vyote viwili "chumba kimoja", na mpangaji hulinganisha kodi tu. Kwa mtoto wa miaka mitatu hivyo ni vitu viwili visivyolingana hata kidogo.

Hewa ndiyo ya kwanza kupimwa. Kifua kikuu huenea mtu anapokohoa, na vijidudu vyake hubaki vikielea katika hewa ya chumba kilichofungwa kwa muda mrefu baada ya mwenyewe kutoka. Watoto wadogo wakiambukizwa huugua vibaya zaidi kuliko watu wazima. Chanjo ya BCG wanayopewa wanapozaliwa huwakinga dhidi ya aina kali, lakini haimalizi hatari yote. Nimonia na mafua makali pia hupenda vyumba ambavyo watu wengi hulala wakivuta pumzi ile ile. Mwaka wa 2018, Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake kuhusu makazi na afya, msongamano ulikuwa miongoni mwa mambo ambayo serikali zilihimizwa kwa mkazo kuyapunguza.

Dirisha hata hivyo linaweza kutenda makubwa. Watafiti waliopima hospitali za Lima, Peru, mnamo 2007 waligundua kwamba wodi za zamani, zilizojengwa kabla ya 1950 zikiwa na dari za juu na madirisha makubwa, zilibadilisha hewa vizuri kuliko wodi mpya, hata zile zilizotumia mashine, mradi tu madirisha na milango ilifunguliwa. Walikadiria kwamba hatari ya kuambukizwa kifua kikuu ilikuwa ndogo zaidi katika wodi hizo kuukuu. Sisi twajenga kinyume. Katika maghorofa mengi mapya, chumba cha katikati hupata hewa kutoka kwa ule uwazi mwembamba ulioachwa kati ya vyumba, ambao ndio unaobeba moshi wa majiko ya chini, harufu ya vyoo na mazungumzo ya kila mtu. Dirisha la namna hiyo huliita dirisha kwa adabu tu. Mwanazuoni Marie Huchzermeyer, katika kitabu chake kuhusu majumba ya kupangisha kilichotoka 2011, aliyalinganisha maghorofa ya Nairobi na yale ya Berlin ya karne ya 19, na anayetembea Pipeline saa sita mchana akiwa amewasha tochi ya simu kwenye ngazi hatashangaa.

Jua nalo si anasa. Madaktari wa watoto mjini humu wamewaona kwa miaka mingi watoto wenye matege, yaani mifupa iliyolegea na kupinda, ilhali wanaishi karibu na Ikweta kabisa. Ngozi ya mtoto hutengeneza vitamini D inapopata jua, na mtoto anayefungiwa chumbani na mlezi tangu alfajiri hadi magharibi hapati. Kama nyumba unayoiendea haina roshani yenye jua wala uwanja, jiulize ni nani atakayemteremsha mtoto kila siku, na saa ngapi. Ukijibu "tutaona", hakuna atakayemteremsha.

Baada ya hewa, moto. Katika nyumba ya chumba kimoja, sakafu ya jikoni ndiyo sakafu ya kuchezea. Sufuria ya maji ya uji iliyo chini, stovu ya mafuta taa iliyo karibu na kitanda, chupa ya soda iliyotiwa mafuta taa: hayo ndiyo yanayowapeleka watoto hospitalini wakiwa wameungua au wamekunywa sumu. Jiko la makaa ni baya zaidi wakati wa baridi ya Juni na Julai, watu wanapoliingiza ndani na kufunga dirisha ili wapate joto. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na familia nzima yaweza kulala isiamke. Jiko la makaa lisilale ndani hata kama limebaki kaa moja. Gesi ya mtungi ni safi kuliko hizo zote na ninaipendekeza, lakini kumbuka kwamba ikivuja haipandi juu. Ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni pale pale anapotambaa mtoto. Funga mtungi kila unapomaliza kupika, na usisahau kuangalia ni nani jirani yako. Mlipuko uliotokea Embakasi usiku wa kuamkia Februari 2, 2024 ulianzia kwenye kituo cha kujazia gesi kilichokuwa katikati ya makazi ya watu.

Kwa hivyo nyumba ndogo ninayoweza kuikubali kwa familia yenye mtoto chini ya miaka mitano ni ile ambayo jiko lina pembe yake, hata kama ni ukuta mfupi wa mbao na kijidirisha. Hapo ndipo ninapopiga mstari. Mahali pa kupikia na pa kulala pakiwa pamoja bila dirisha la nje, singehamia, na sioni akiba gani ingenishawishi.

Sasa hesabu vichwa, na uhesabu kwa ukweli. Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake ni hapa hapa Gigiri, huhesabu nyumba kuwa na msongamano watu wanapozidi watatu kwa chumba. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, kaya ya Nairobi ilikuwa na wastani wa watu 2.9, na mtu akisoma hivyo atadhani tuna nafasi tele. Lakini wastani haumjui shemeji. Haumjui binamu aliyekuja kutafuta kibarua Viwandani na kusema atakaa wiki mbili. Msichana wa kazi naye ni binadamu mwenye haki ya mahali pa kulala pasipokuwa chini ya meza. Familia ya baba, mama na mtoto mchanga inaweza kukaa vizuri katika bedisita yenye hewa. Familia hiyo hiyo ikiwa na watoto wawili, mlezi na mgeni mmoja si familia changa tena, ni bweni. Kama mila na huruma hazikuruhusu kumkataa mgeni, na wengi wetu haziruhusu, basi chagua nyumba kwa idadi ya watu watakaolala, siyo kwa idadi iliyo katika picha ya harusi.

Kuna jambo ambalo wenzi huona haya kulisema mbele ya mwenye nyumba. Pazia linatosha kuwatenga na mtoto wa mwaka mmoja. Halitoshi kwa mtoto wa miaka mitano, ambaye husikia na kuuliza maswali kwa jirani. Ndoa zinazokosa faragha hukauka, au hugeuka kuwa za kunong'ona na kukasirikiana. Pia wazazi wengine hutatua tatizo kwa kumpeleka mtoto mkubwa akalale kwa jirani au kwa kijana wa ploti, na huko ndiko watoto hudhuriwa na watu wanaowafahamu. Kwa sababu hiyo naliona chumba kimoja kama mpango wa muda wenye tarehe ya mwisho. Mtoto wa kwanza akitimiza miaka minne, muwe mmeshaanza kutafuta pengine.

Maji na ngazi nitavitaja kwa ufupi, kwa maana kila mkazi wa Eastlands anavijua. Jerikeni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Mke mjamzito akilazimika kuipandisha ghorofa tano siku ambazo mfereji haufiki juu, kodi nafuu inalipwa kwa mgongo wake. Choo kinachotumiwa na milango minane kinahitaji maji kila saa, la sivyo kuhara kutapita nyumba hadi nyumba. Vyuma vya roshani viwe vimekaribiana kiasi kwamba kichwa cha mtoto hakipiti. Na jengo lenyewe lisiwe na nyufa wala maji yanayotuama chini yake. Huruma, Aprili 2016, jengo la ghorofa lililokuwa kando ya mto liliporomoka usiku baada ya mvua kubwa na kuua watu wapatao 50, nalo lilikuwa na wapangaji ndani kwa sababu kodi yake ilikuwa ya kuwezekana.

Mahali nyumba ilipo pia pasisahauliwe. Mnamo 2007, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto na vijana 328 waliokaa karibu na jaa la Dandora. Karibu nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubalika, na wengi walikuwa na matatizo ya kupumua. Nyumba kubwa ya bei rahisi iliyo upande unaopuliziwa moshi wa jaa si bora kuliko chumba kidogo kilicho mbali nao. Hapo ndogo inashinda, tena bila ubishi.

Ukienda kutazama nyumba, usiende Jumamosi adhuhuri pamoja na wakala. Nenda siku ya kazi saa moja jioni, majiko yanapowashwa. Simama ndani, funga mlango, fungua dirisha na uvute pumzi kwa dakika kumi. Ukianza kutokwa na machozi, mtoto wako naye atatokwa. Uliza maji huja siku gani. Tazama kando: kama dirisha linaangalia ploti tupu, uliza ni ya nani na kama anajenga, kwa maana dirisha la leo laweza kuwa ukuta wa mwakani. Waulize wapangaji wenye watoto, siyo mwangalizi wa ploti. Mama anayefua nguo juu ya paa atakwambia yote bila kulipwa, hata ni nani anayekohoa ghorofa ya pili.

Na mkishaamua kuhama, kijitabu cha kliniki cha mtoto kisifungwe katika gunia la vyombo. Chanjo ya pili ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 18, na wanaohama mtaa ndio huikosa kwa urahisi. Wiki ya kwanza, kabla ya kutundika mapazia, tafuteni kituo cha afya kilicho karibu mmwandikishe.